Mtemi Haruhusiwi Kusimama

Sehemu ya kumi na moja

Alhamisi ya tarehe 23 Juni 2022, saa nne na dakika kumi asubuhi, mlinzi wa kituo kimoja cha afya hapa Mwanza alisukuma komeo la lango la bati, na maisha ya Mhoja Kashindye yakabaki upande wa nje.

Jina la kituo tunalihifadhi. Wenyewe wanajijua.

Siku hiyo alikuwa anakuja mgeni rasmi kuzindua jengo la dharura. Mawe yalikuwa yamepakwa chokaa, maturubai yamefungwa, na amri imeshatoka: mgonjwa asikanyage uwanja mpaka mgeni aje, akate utepe, aondoke. Selina, mke wa Mhoja, alifikishwa pale tumbo limemkaza tangu alfajiri, jasho la baridi linamtiririka. Mgeni aliingia saa nane mchana. Selina alikuwa amekata roho saa saba kasorobo.

Wakubwa wetu, msomaji, siku hizi hawaui kwa panga. Wanaua kwa ratiba.

Haya, turudi tulipokatia. Jumamosi ile, saa tisa alasiri, tulimwacha Mhoja ndani ya ghala la zamani la pamba la Jitesh Natvarlal, pale Igogo, kwenye mazoezi ya tamthilia. Seremala huyu aliyeishia darasa la nne aliitwa kuja kutengeneza lango la jukwaani tu. Aliyekuwa aigize mlinzi wa lango akaanguka na pikipiki, akavunjika mguu, na Mhoja akavikwa nguo zake.

Tamthilia yenyewe ni ile ya kale, ya Mtemi Igulu. Ndui imeingia nchini, Mtemi anafunga lango la ikulu asiingie mtu. Mkewe Kabula, aliyekwenda kumzika mama yake, anarudi mgonjwa. Anagonga. Mtemi yuko ndani anamsikia. Lubango, mlinzi wa lango, ameshika komeo anangoja neno la bwana wake. Neno halitoki, na Kabula anafia nje. Lubango huyo ndiye Mhoja.

Na Mtemi ni Mzee Yakobo, mstaafu mwembamba, mpole, ambaye tulimwacha ameketi kwenye kiti cha maswali.

Kiti hicho ni utaratibu wa Mwalimu Bernadeta, mama aliyefundisha fasihi miaka thelathini na sasa anaongoza kikundi. Mwigizaji anaketi, anakuwa yule mtu wake, wenzake wanamhoji: kwa nini ulifanya hivi, kwa nini hukufanya vile. Ukiwa kitini huna jina lako. Na husimami mpaka anayekuhoji aseme, “Nimeshiba.”

Dipti, binti wa Jitesh, ndiye Kabula wetu. Alikuwa amemuuliza: “Mtemi, mkeo alisema nini pale nje?”

Na Mzee Yakobo, macho ameyafumba, akajibu: “Alisema, mwambieni mkubwa wenu simwombi kitanda. Namwomba kivuli.”

Maneno hayo hayamo kwenye tamthilia. Hayajaandikwa popote.

Yalitoka kinywani mwa Selina, nje ya lango la bati, juani.

*

“Haupo,” alisema Precious, binti wa Mhoja, akipekua kitabu. Yeye ni fundi cherehani pale Mkolani, lakini Jumamosi huja kuwakumbusha waigizaji mistari, na kumkaririsha baba yake, asiyesoma vizuri, neno kwa neno. “Mzee Yakobo, mstari huo haupo.”

“Muache, mama,” alidakia Mashimba, mpiga ngoma. “Mtemi kajiongezea. Ila Mzee, enzi za ndui kulikuwa na vitanda? Au Mtemi alikuwa na wodi?”

Wakacheka. Dipti akacheka mpaka shanga za umalkia zikamkatikia.

Mhoja hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye lango lake la mbao, mkono juu ya komeo, na nyuma ya mbao hizo alisikia mtu anapumua.

Hilo si jipya kwake. Tangu lango lile lisimame ghalani, kila akilifunga husikia pumzi upande wa pili: fupi, fupi, kama za mtu anayejikaza asilie. Akifungua hakuna kitu. Kuna magunia matupu na ukuta. Hajamwambia mtu. Atamwambia nani? Wataambizana kwamba fundi ameanza kurukwa na akili.

Lakini sasa alikuwa anapiga hesabu. Lango la kituo lilikuwa bati tupu, halina hata tundu. Aliye nje hamwoni aliye ndani, wala aliye ndani hamwoni wa nje. Maneno ya kivuli Selina aliyasema mara moja tu, na waliokuwepo walikuwa yeye na mlinzi.

Na mtu wa tatu, kama alikuwa amesimama ndani.

Mwingine angemrukia mzee kooni. Mhoja miguu ilishataka. Lakini fundi ni fundi: ubao ukishabanwa kwenye jiliwa hauendi mahali, ukilegeza tu umeukosa. Yakobo akitoka pale kitini atarudi kuwa mstaafu wa watu, atasema lilimponyoka tu, atasema aliota. Akiwa kitini, atajibu.

“Mwalimu,” alisema Mhoja, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa utulivu. “Naomba nimhoji mimi.”

“Lubango amhoji Mtemi wake?” Mwalimu Bernadeta alifurahi, masikini, hajui. “Safi sana. Endelea, fundi.”

Mhoja akasogea.

“Mtemi. Ulipomsikia, ulikuwa umesimama wapi?”

“Ndani.”

“Ndani ni pakubwa.”

“Hatua tatu kutoka langoni. Labda nne.”

“Ufunguo alikuwa nao nani?”

“Komeo alikuwa nalo mlinzi.” Mzee Yakobo alilamba midomo. “Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwangu.”

“Kufuli!” Mashimba akapiga ngoma moja, du. “Ikulu ya Mtemi Igulu ina kufuli la Kichina! Jamani Mzee leo katupeleka wapi?”

Hapo Yakobo akafumbua macho. Akamwona Mhoja. Walitazamana muda wa mtu kumeza mate, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua.

Mzee akashika magoti kutaka kuinuka. “Mwalimu, kiuno kinanisumbua. Niishie hapo.”

“Sijashiba,” alisema Mhoja.

“Mzee wangu,” Mwalimu akasema kwa upole, “utaratibu unaujua. Mtemi haruhusiwi kusimama.”

Yakobo akaketi. Aliketi kama mtu anayeketishwa kizimbani.

*

“Kwa nini hukufungua?”

“Woga.”

“Aa!” Mwalimu Bernadeta aliruka. “Hapana, hapana, hapana. Hilo jibu la mtihani. Wanafunzi wangu miaka thelathini wameandika hivyo: Mtemi Igulu aliogopa ndui. Nawapa alama zao, wanafaulu, na hakuna hata mmoja aliyemjua Igulu. Mbane, Lubango. Woga wa nini?”

“Umesikia,” alisema Mhoja. “Woga wa nini?”

“Wa walio juu yangu. Ilikuja barua. Lango likifunguliwa kabla ya mgeni kufika, utajibu wewe.”

“Barua?” Dipti alinong’ona. “Mtemi ana walio juu yake?”

Precious alifunga kitabu. Huyu binti si mjinga. Alimtazama mzee, akamtazama baba yake, akaona mishipa ya shingo ya baba yake imesimama.

“Mzee Yakobo,” alisema, “kabla hujastaafu ulikuwa unafanya kazi gani?”

“Precious! Kitini hakuna Mzee Yakobo.”

“Haya, Mwalimu. Namuuliza Mtemi. Mtemi, huko ulikotawala, watu walikuwa wanakuitaje?”

Upepo wa ziwa ulipita juu, bati la paa likalia. Mzee Yakobo aliangalia mikono yake.

“Waliniita mganga mfawidhi.”

Mkono wa Mashimba uliteleza kwenye ngoma.

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu pale ghalani alikuwa anaijua habari ya Selina. Mhoja aliwasimulia huku akiranda mbao, zaidi ya mara moja, na kila mara alimalizia kwa kumlaani mkubwa wa kituo kile. Miaka mitatu alimlaani. Na kwa kuwa hakupata kumwona, alimtengenezea sura mwenyewe: akampa kitambi, akampa shingo nene, akampa saa ya dhahabu na gari la vioo vyeusi.

Kumbe ni huyu. Mzee wa shati moja la Jumamosi, anayekuja na karanga za kukaanga kwenye karatasi, akawagawia wote, na Mhoja akifungiwa fungu kubwa. Miezi miwili Mhoja anazila.

“Fundi,” alianza Mwalimu Bernadeta, “labda tupumzike…”

“Sijashiba, Mwalimu.”

“Baba Precious, tafadhali.”

“Utaratibu ni wako. Sijashiba.”

Akachutama mbele ya kiti, uso kwa uso na mzee.

“Unasema woga. Mimi sikusoma, Mtemi, lakini woga naujua. Mwoga haji hatua tatu. Mwoga anakwenda mbali, anafunga mlango, anawasha redio asisikie. Wewe ulisogea. Ulisogea kufanya nini?”

Machozi yalianza kumshuka mzee bila uso wake kubadilika.

“Kufungua.”

“Mwongo.”

“Kitini hatudanganyi. Mkono ulikuwa mfukoni. Ufunguo nilikuwa nimeushika.”

“Ukakushinda uzito?”

“Kulikuwa na mwingine kabla yake.”

“Mwingine nani?”

“Saa tatu na nusu. Mwanamke kijana, mtoto mgongoni anachemka homa, shingo imelegea. Mlinzi aliniita. Huyo nilimrudisha mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikamwambia, amri ni amri, mama, njoo saa tisa. Alimpandisha mtoto mgongoni akashuka mlima.” Mzee akavuta pumzi. “Halafu akaja mke wako… akaja Kabula. Nikamsikia habari ya kivuli. Nikashika ufunguo. Na palepale nikawaza: nikimfungulia huyu, yule wa kwanza nilimrudisha kwa nini? Nitakuwa nimemfukuza mtoto wa watu bure. Nisipofungua, basi amri ni amri, na mimi ni mtumwa wa amri tu, sina dhambi. Nilimfungia wa pili ili kumrudisha wa kwanza kuwe haki.”



“Yule mtoto?” aliuliza Dipti.

“Sijui, binti yangu. Saa tisa hawakurudi.”

Mwalimu Bernadeta alikuwa amejishika kifua. “Bibi mfinyanzi,” alisema.

“Nani?” aliuliza Mashimba.

“Onesho la kwanza. Yule bibi anayekuja na vyungu, Mtemi anamfukuza langoni, halafu hatumwoni tena. Miaka yote nawaambia wanafunzi ni onesho la kuchangamsha watu. Sisi wenyewe tumelikata.”

“Tulilikata kwa kuwa ni refu,” alisema Precious.

“Ndimo alimo Igulu mzima. Mungu wangu. Tumemkata mtu moyo, tukabaki tunajiuliza kwa nini ana roho ya jiwe.”

Mhoja alizisikia sauti zao kwa mbali. Alichokuwa anakiona ni kitanda kimoja alichokitengeneza zamani kwa mteja wa Kirumba. Aliukata mguu mmoja mfupi kwa inchi mbili, kwa haraka. Badala ya kuutupa na kutafuta mwingine, akafupisha na ile mitatu ilingane. Mteja alikipokea, akashukuru. Fundi gani hajafanya hivyo?

Alimwelewa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikuja na chuki iliyonolewa miaka mitatu, na sasa anapotaka kuishika, mpini haupo. Adui mwenye kitambi unamchukia usingizi ukakujia. Mzee wa karanga aliyekata mguu mmoja vibaya, huyo utamfanya nini?

Nyuma ya lango la mbao, pumzi zilikuwa zinaendelea. Fupi. Fupi.

*

“Ulinijua?” aliuliza.

“Wiki ya pili. Uliposimulia ukiwa unaranda.”

“Ukabaki.”

“Nikabaki.”

“Unakula na mimi. Unaniamkia. Unacheka na binti yangu, anakupa shikamoo, unaitikia marahaba! Ulibaki kufanya nini humu, wewe mzee?”

“Kila Jumamosi, mwisho wa mchezo, Mtemi anajichoma mkuki, anakufa mbele ya lango.” Yakobo alijifuta uso kwa kiganja. “Siku hiyo nikirudi nyumbani huwa nalala. Siku nyingine silali.”

Mhoja akasimama. Neno moja lilikuwa limebaki. Angesema “Nimeshiba,” mzee angeinuka, na ninyi wasomaji mngepata hadithi ya mtu aliyesamehe, mngeikata mkafungie vitumbua.

Alifungua kinywa. Yakobo akamtangulia.

“Lubango, na mimi nina swali. Mtemi naye anaruhusiwa moja.”

“Anaruhusiwa,” alisema Mwalimu Bernadeta, na laiti angalikataa.

“Sikumwacha hivi hivi. Nilipomwondokea langoni dhamiri ilinichoma. Nikamwita mlinzi wangu wa langoni, aliyeitwa Shimba. Nikamwambia: kuna mlango wa jikoni, nyuma, kwenye migomba. Barua haikuutaja. Nenda nje uwazungushe huko kimyakimya, nitampokea mwenyewe. Akaenda. Akarudi peke yake.” Mzee aliinua macho. “Akasema, mume amekataa. Kasema mke wake si ukoko wa kupitishwa jikoni. Kasema watangoja lango kubwa.”

Mashimba alitema mate chini. “Aisee.”

“Miaka mitatu, fundi, nimebeba langu. Sikatai, ni langu. Lakini lile la mlango wa jikoni, kwa nini ulikataa?”

Vichwa vyote vilimgeukia Mhoja. Ghafla ilikuwa kama yeye ndiye aliye kitini.

“Uongo,” alisema. “Sijaambiwa mlango wowote.”

“Shimba alizungumza na mume. Uso kwa uso.”

“Shimba mwongo! Yuko wapi? Aletwe!”

“Alikwenda machimboni Geita mwaka uleule. Simu yake haipatikani.”

“Basi ndiyo mkamsingizia! Ndivyo mlivyo. Mkubwa akikosea, anatafutwa mlinzi. Mlinzi akikosekana, anatafutwa marehemu. Marehemu akikosekana, anatafutwa mume!”

“Baba.”

Ilikuwa sauti ya Precious, ndogo.

“Baba, kama Shimba alitoka nje, lazima ungemwona. Si ulikuwepo?”

Hapa, msomaji, shika moyo wako.

Siku ya mazishi kule Mkolani, kabla jeneza halijashushwa, Mhoja alisimamishwa mbele ya watu kueleza maradhi ya marehemu, kama ilivyo desturi. Kaka zake Selina walikuwa mstari wa mbele, watu wa ng’ombe kutoka vijijini, fimbo mikononi, nyuso zimefunga. Walitaka kujua dada yao kafaje. Na Mhoja akawaambia, kwa sauti ya watu mia mbili kusikia: “Sikumwacha hata hatua moja. Alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.” Kaka wakashusha fimbo, wakamkumbatia. Wakasema, shemeji umetutendea wema. Precious, aliyekuwa achukuliwe na wajomba zake, akaachiwa baba.

Maneno hayo Mhoja ameyarudia kanisani. Ameyarudia kwa majirani. Ameyarudia humu ghalani. Kila mara yakazidi kunyooka, kama mbao inayopitishwa randa.

Sasa yamemkaa shingoni. Kama alikuwepo, basi ndiye aliyekataa mlango wa jikoni, na Selina alikufa kwa kiburi cha mumewe. Na kama hakukataa…

Upande wa pili wa lango, pumzi zikakoma.

Zilikoma kabisa. Ndipo akasema.

“Sikuwepo.”

“Nini?”

“Nilimwacha, Precious. Nilimwacha mama yako.”

Kitabu kilidondoka mapajani mwa Precious kikaanguka wazi, na hakuna aliyekiokota.

“Nilishuka barabarani kutafuta bodaboda,” Mhoja aliendelea, akiongea na sakafu. “Nimpeleke hospitali nyingine. Hakukuwa hata moja. Madereva wote walikuwa wamewekewa mafuta na kupewa fulana wakampokee mgeni. Niliwasikia kwa mbali wanapiga honi. Nikaenda mpaka kwenye mzunguko. Nikarudi. Dakika ishirini.”

“Ishirini?” aliuliza Precious.

“Arobaini. Nilikaa kidogo chini ya mti, mama. Miguu ilikataa kupanda mlima. Nilijua nitakuta nini. Na nilimkuta hivyo. Amekwisha, peke yake.”

“Ukasimama mbele ya wajomba.”

“Wangekuchukua.”

“Mbele ya jeneza!”

“Precious, wangekuchukua! Nikishasema mara ya kwanza, ningesemaje tena mara ya pili?”

Alijisikia mwenyewe anavyosema. Wote walimsikia. Mwalimu Bernadeta alifumba macho, na Mzee Yakobo akainamisha kichwa, si kwa ushindi, bali kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi la wafiwa.

Precious alisimama. Alikwenda mpaka mlangoni mwa ghala, akasimama pale amewapa mgongo, mikono ameikunja. Mhoja alijua akipiga hatua moja zaidi hatamwona tena pale nyumbani. Hakuthubutu kumwita.

Basi hapo ndipo Mzee Yakobo alipovunja utaratibu. Aliinuka kitini bila kuruhusiwa.

“Fundi,” alisema, na haikuwa tena sauti ya Mtemi. “Ngoja. Unasema ulimkuta peke yake?”

“Nimeshasema.”

“Ulimwacha vipi?”

“Ameketi. Mgongo ukutani. Nilimkuta amelala.”

“Mimi sikukaa chini baada ya Shimba kurudi. Nilipanda ofisini, chumba cha juu, dirisha linatazama nje ya ukuta. Nikachungulia. Mkeo hakuwa peke yake. Kulikuwa na mwanamume amepiga magoti. Alikuwa amempakata kichwa, anampangusa jasho kwa kiganja, na mabega yanamtikisika. Ndiyo maana nikaamini lile la Shimba. Nikasema, mume ndiye yule.”

“Si mimi.”

“Sasa najua si wewe.”

“Alikuwa amevaaje?” Dipti aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

“Koti jeusi. Zito, na jua lile. Uso sikuuona, alinipa mgongo. Nilirudi kwenye meza dakika mbili, nikachungulia tena. Hakuwepo. Mama amelazwa vizuri, amefunikwa kitenge mpaka kifuani.”

Kitenge. Mhoja alikikuta kweli kimemfunika hivyo, kimenyooshwa, pembe zake zimekunjiwa ndani kama mtu anavyomtandikia mtoto. Miaka mitatu alikuwa akijiambia ni Selina aliyejifunika.

Mtu mmoja alisimama mbele ya mlinzi akajiita mume. Akakataa mlango uliokuwa wazi. Kisha akapiga magoti akamlilia mwanamke yuleyule ambaye yeye mwenyewe alimzuia asipone.

Precious aligeuka pale mlangoni. Hakumtazama Mzee Yakobo. Alimtazama baba yake, kwa macho makavu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alimwita jina.

“Mhoja. Kwenye maisha ya mama, nani huyo aliyekuwa na haki ya kumpakata kichwa?”